Kansere ya utumbo mkubwa: dawa za kwanza zikishindwa

Damu kwenye choo, kukonda, tumbo kufunga. Huko Masisi na Walikale, mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi anatibiwa kwanza amibe ao bawasiri, na miezi inapita. Siku kansere inajulikana, inaweza kuwa imekwisha kufika kwenye maini. Hapo kupasuliwa peke yake hakutoshi, na muganga anaanzisha shimio, yaani dawa za kansere. Kwa kawaida ni fluorourasili, ile inayoandikwa 5-FU, pamoja na oksaliplatini ao irinotekani.

Tiba ya hatua ya pili inakuja wakati kansere imeendelea kukua hata kama mgonjwa alipata hizo dawa. Si kuongeza dozi, ni kubadilisha dawa. Aliyeanza na oksaliplatini anapewa irinotekani, na aliyeanza na irinotekani anapewa oksaliplatini. Zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS.

Kwa hiyo swali la kwanza la muganga ni hili: ulipewa dawa gani, mara ngapi, na ya mwisho lini? Na kwetu ndipo mambo yanaharibika. Mwenye kukimbia vita anabeba watoto, sufuria na godoro. Karatasi za hospitali zinabaki nyumbani. Bila hizo karatasi, mgonjwa anaweza kurudishiwa dawa ileile iliyoshindwa, na pesa ya shamba lililouzwa inaishia hapo. Afadhali kupiga picha kila karatasi kwa simu na kutumia ndugu aliye mbali.

Familia ziambiwe ukweli pia: kwa wengi, hatua ya pili haiponyeshe, inaongeza muda. Utafiti uliotolewa mwaka 1998 ulifuata wagonjwa 279 ambao fluorourasili ilikuwa imewashindwa. Kati ya waliopewa irinotekani, 36 kwa 100 walikuwa hai baada ya mwaka. Kati ya waliotunzwa bila hiyo dawa, 14 kwa 100.

Irinotekani peke yake inaweza kutolewa kila wiki tatu. Ikichanganywa na 5-FU, ni kila wiki mbili, na serumu inakaa siku mbili hivi. Kwa mtu wa Walikale, tofauti hiyo ni kubwa: ni idadi ya safari. Amuulize muganga mapema.

Irinotekani inaharisha sana, hata siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Majirani watasema ni kolera. Mgonjwa aondoke hospitali na loperamidi mfukoni, na anywe maji mengi. Akipata homa, asingoje asubuhi: askari wa damu wanaweza kuwa wamepungua, na hiyo inaua haraka. Oksaliplatini yenyewe inatia ganzi vidoleni, zaidi mtu akigusa maji baridi.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, na safari ikazidi kuwa ngumu. Ngambo ya mpaka kuna Butaro, Rwanda, iliyofunguliwa 2012, na Taasisi ya Kansere ya Mulago, Kampala, iliyoanza 1967. Zote mbili zimekwisha kupokea wagonjwa kutoka Kongo.

Kwa mgonjwa aliyedhoofika hata kushindwa kutoka kitandani, waganga wengi hawaanzishi hatua ya pili, maana dawa inaweza kummaliza mbele ya kansere. Huyo anapewa morfini ya maumivu, na hiyo pia ni haki yake kuomba.