Prosesa Mbili Zilizoingiza Kompyuta Nyumbani

Katika mwaka wa 1974 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa yake iitwayo 8080, ikatangaza bei ya dola 360 kwa kila moja. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta: ni kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha, ambacho ndani yake mna maelfu ya transista zinazofanya hesabu na kuziamuru sehemu nyingine za mashine. Viwanda na maofisi makubwa waliiweza bei hiyo. Kijana aliyetaka kujiundia kompyuta chumbani mwake hakuiweza. Lakini miaka mitatu baadaye kompyuta zilikuwa zikiuzwa madukani kama redio. Katikati ya nyakati hizo zilizaliwa prosesa mbili, 6502 na Z80, na watu wakabishana miaka mingi ni ipi iliyo bora. Ubishi huo wafaa kuchunguzwa, maana waliobishana aghalabu walitazama tarakimu moja tu.

Chuck Peddle alikuwa mhandisi wa kampuni ya Motorola, ambayo nayo ilikuwa na prosesa yake, 6800. Aliwaendea wanunuzi kuwaeleza uzuri wa chombo hicho. Walikisifu, kisha waliposikia bei wakarudi nyuma. Mwaka huo wa 1974 Peddle na wenzake kadhaa, miongoni mwao Bill Mensch, waliondoka wakahamia MOS Technology, kampuni ndogo ya Pennsylvania. Huko waliishika fikira ya 6800 wakaipunguza. Palipokuwa na vikusanyio viwili vya hesabu waliacha kimoja, na kila kilichoweza kuondolewa bila kuharibu kazi kikaondolewa, hata zikabaki transista 3,500 hivi. Faida ya kupunguza ni hii: kipande kikiwa kidogo, vingi zaidi hupatikana katika sahani moja ya silikoni, tena walio wabovu kati yao huwa wachache.

Mwezi wa Septemba 1975, katika maonyesho ya WESCON mjini San Francisco, 6502 iliuzwa kwa dola 25. Haikuruhusiwa kuuza bidhaa ukumbini, kwa hiyo wanunuzi walielekezwa kwenye chumba cha hoteli, wakakuta chupa kubwa imejaa prosesa. Peddle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba zilizokuwa chini ya chupa zilikuwa mbovu; ziliwekwa ili watu waamini kuwa mali ipo tele. Hila hiyo siisifu. Hata hivyo, zile za juu zilikuwa nzima, na mmoja wa walionunua alikuwa Steve Wozniak, ambaye kwa prosesa hiyo aliunda kompyuta ya kwanza ya Apple, iliyouzwa mwaka 1976. Motorola hawakukaa kimya. Waliishusha bei ya 6800 hata dola 69, kisha wakaenda mahakamani. Mwaka 1976 shauri likaisha kwa MOS kulipa dola 200,000 na kuiacha 6501, ndugu ya 6502, iliyoweza kuchomekwa mahali pa 6800. Ile 6502 ikasalimika.

Z80 ilizaliwa kwa njia nyingine. Federico Faggin, mzaliwa wa Italia, ndiye aliyeongoza kazi ya 8080 huko Intel. Alipotoka aliunda kampuni ya Zilog, na mwaka 1976 ikatoa Z80. Peddle alipunguza; Faggin aliongeza. Prosesa yake ilikuwa na transista 8,500 hivi na aina 158 za amri, ambazo ndani yake zilikuwamo zote 78 za 8080. Maana yake ni kwamba programu iliyoandikwa kwa 8080 iliweza kutumika katika Z80 bila kuandikwa upya.

Sasa tuzipime kwa mbio. Prosesa huendeshwa na mapigo ya umeme. Apple II ya mwaka 1977 ilitumia 6502 kwa mapigo milioni 1 hivi kwa sekunde. TRS-80 ya mwaka uo huo ilitumia Z80 kwa mapigo 1,770,000 hivi. Msomaji angesema pale pale kwamba TRS-80 ndiyo iliyo na kasi. Lakini punda mwenye hatua za haraka hatangulii kufika kama hatua zake ni fupi. Tuchukue kazi ya kila siku, kuleta tarakimu moja kutoka katika kumbukumbu. Z80 huifanya kwa mapigo 13, na 6502 kwa mapigo 4. Basi TRS-80 yahitaji sehemu 7 na kidogo za milioni ya sekunde, na Apple II sehemu 4 tu. Tukitazama kazi nyingine, hukumu yageuka. Kujumlisha hesabu mbili kubwa kupita 255, ambazo tayari zimo ndani ya Z80, ni mapigo 11. 6502 hana budi kuzigawa nusu nusu, naye atumia mapigo 20. Hapo TRS-80 yamaliza kwa sehemu 6, na Apple II kwa sehemu 20. Asiyeuliza ni kazi gani ifanywayo hawezi kujibu ni ipi yenye mbio.

Thamani nayo si bei ya prosesa peke yake. Apple II, yenye ile prosesa rahisi, iliuzwa kwa dola 1,298. TRS-80 pamoja na kioo chake ilikuwa chini ya dola 600. Apple II ilionyesha rangi na ilikuwa na nafasi za kuchomeka vifaa vingine, na hivyo ndivyo vilivyogharimu. Uingereza ilitokea vivyo hivyo: BBC Micro ya mwaka 1981 ilikuwa na 6502 yenye mapigo milioni 2, lakini ZX Spectrum ya mwaka 1982, yenye Z80, ilianzia pauni 125, na hiyo ndiyo iliyonunuliwa na baba wengi wasio na fedha za ziada. Z80 ilimsaidia muundaji wa mashine rahisi, kwa kuwa yenyewe iliiburudisha ile kumbukumbu ya bei nafuu inayosahau isipoguswa mara kwa mara.

Kwa fikira yangu, kama kipande kwa kipande, fedha iliyotolewa kwa 6502 ilinunua kazi nyingi zaidi. Ila mwenye duka au ofisi hakununua kipande. Alinunua programu za barua na za hesabu za biashara, na nyingi ziliandikwa kwa CP/M, mfumo wa Gary Kildall uliotaka 8080 au Z80. Ndiyo sababu mwaka 1980 Microsoft waliuza kadi ya kuchomekwa ndani ya Apple II, na juu ya kadi hiyo palikuwa na Z80. Wenye Apple waliinunua, na prosesa mbili zilizoshindana zikakaa ndani ya sanduku moja, zikifanya kazi kwa zamu.

Mwezi wa Aprili 2024 Zilog walitangaza kwamba Z80 ya umbo la asili haitatengenezwa tena, wakapokea maagizo ya mwisho mwezi wa Juni, baada ya miaka 48. Mzao wa 6502 bado wauzwa na kampuni aliyoianzisha Bill Mensch huko Arizona mwaka 1978.