Mnunuzi Aijuaye Njia Yake

Burundi ni nchi ya vilima. Kati ya Gitega, mji ulioasisiwa na Wajerumani 1912 na ambao tangu 2019 ni makao makuu ya kisiasa ya nchi, na Muyinga, mji wa kaskazini mashariki ulio jirani na mpaka wa Tanzania, njia hupanda na kushuka kupitia Karuzi na bonde la mto Ruvubu. Barabara kuu ya miji hiyo, iliyokuwa ya udongo kwa miaka mingi, leo ina lami. Lakini lami haifiki kilimani. Anayemfuata mgonjwa, mwizi wa ng'ombe au gunia la kahawa hana budi kuiacha barabara kuu na kuingia katika vijia vya udongo mwekundu, ambavyo wakati wa masika huteleza kama sabuni. Hapo ndipo habari ya gari inapokuwa habari ya uhai, wala si ya fahari.

Gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne leo linauzwa kwa bei ya nyumba, na katika nchi nyingi wanaolinunua kwa wingi ni watu wasiowahi kukanyaga tope. Basi yafaa kuuliza: gari hilo liliumbwa na nani, na kwa ajili ya nani? Historia inajibu kwamba halikuanza kama wazo la mfanyabiashara. Liliumbwa na mnunuzi aliyeijua njia yake, akaandika mahitaji yake kwa kalamu, kisha akasimama kuyaona yakijaribiwa. Na mnunuzi huyo alikuwa askari.

Mwezi Julai 1940, Ulaya ikiwa tayari imeingia vitani, jeshi la Marekani liliviandikia viwanda 135 likitaka gari dogo la upelelezi. Barua hiyo ilitaja kila jambo: uzito usiozidi kilo 590 hivi, uwezo wa kubeba kilo 270 hivi, kioo cha mbele kinacholazwa, na nguvu ya injini ifike magurudumu yote manne. Gari la kwanza lilitakiwa katika muda wa siku 49. Kiwanda kimoja tu, Bantam cha mji wa Butler, kilikubali masharti hayo, na tarehe 23 Septemba 1940 kikalifikisha gari hilo mbele ya maofisa. Majaribio makali yalifuata. Ilionekana kwamba uzito uliotajwa hauwezekani, na jeshi halikuona haya kubadili tarakimu yake. Gari lililokubaliwa hatimaye, la kiwanda cha Willys, lilizidi tani moja. Kufikia 1945, Willys na Ford walikwisha kutengeneza zaidi ya magari 600,000, na jina la Jeep lilikuwa limeenea duniani kote.

Vita vilipokwisha, mkulima alirithi chombo cha askari. Willys alianza 1945 kuuza Jeep za kiraia za kufanyia kazi shambani. Huko Uingereza, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep iliyobaki ya jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey, naye akaona kwamba kampuni yake yaweza kutengeneza gari la namna hiyo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, na upungufu huo ukageuka kuwa neema, maana bodi hiyo haikuliwa na kutu. Wenyewe walidhani ni biashara ya muda mfupi tu, lakini kufikia 1976 walikuwa wametimiza magari milioni moja.

Ubelgiji, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikiitawala Ruanda-Urundi, haikununua gari la Waingereza kama lilivyo. Kuanzia 1952 kiwanda cha Minerva cha Antwerp kilitengeneza Land Rover kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, kikabadili umbo la mabawa ya mbele na kutumia bodi ya chuma badala ya aluminiamu. Mnunuzi alilifinyanga gari kulingana na haja na uwezo wa viwanda vyake.

Kwa upande wa polisi, mfano ulio bora zaidi unatoka Japani. Vita vya Korea vilipozuka 1950, Japani iliunda Kikosi cha Akiba cha Polisi, na Toyota ikatengeneza gari lake ikitumaini kulipata soko hilo. Haikulipata: kikosi kilichagua Jeep za Willys zilizoundwa nchini humo na Mitsubishi. Toyota ikawageukia polisi wa kawaida, idara za misitu na kampuni za umeme. Mwezi Julai 1951 gari hilo lilipandishwa katika mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo magari hayakuwa yakifika, na wakuu wa polisi wakishuhudia kwa macho yao. Baada ya hapo polisi waliagiza magari 289. Kwa kuwa jina la Jeep lilikuwa na mwenyewe, mwaka 1954 gari la Toyota lilipewa jina la Land Cruiser. Kufikia 2019, magari zaidi ya milioni 10 yenye jina hilo yalikuwa yameuzwa duniani. Katika msingi wa biashara hiyo kubwa wamo maofisa wachache waliolishuhudia gari mlimani kabla ya kuagiza.

Soko, hata hivyo, humfuata mwenye fedha. Mwaka 1953 wenye Jeep huko California walianza kukusanyika kila mwaka ili kuvuka njia ya mawe ya Rubicon kwa kujifurahisha. Mwaka 1970 ilitokea Range Rover, iliyounganisha nguvu ya gari la shamba na starehe ya gari la mjini. Tangu hapo viwanda vimetambua kwamba mtu anayetafuta burudani hulipa zaidi ya mtu anayetafuta kazi. Land Rover ya kale, iliyokuja kuitwa Defender, ilikoma kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016. Gari jipya lililochukua jina hilo halina tena chesisi iliyo mbali na bodi, nalo hutegemea sana mitambo ya kompyuta. Ni gari lenye uwezo mkubwa, lakini si lile ambalo fundi wa kijijini angeweza kulifungua chini ya mwembe.

Si haki kuilaani burudani. Nchini Kenya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989, yamechangisha fedha za kujengea uzio wa umeme kuizunguka misitu ya Aberdare, kazi iliyokamilika 2009. Mjini Arusha, mwezi Oktoba 2024, mamia ya Land Rover yalikusanyika katika tamasha la kuitukuza historia ya gari hilo na kuvutia watalii. Burundi nayo ina Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa 1980 na kugusa ardhi ya Muyinga, yenye nyati na viboko. Mgeni anayetaka kuwaona huhitaji gari la aina hiyo hiyo ambalo askari wa hifadhi hulihitaji kumfuatia jangili. Burudani na kazi zaweza kukaa pamoja, mradi ijulikane lipi ni gari la nani na ni nani anayelipa.

Katika soko la Burundi magari haya yameingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni manunuzi ya serikali. Wa pili ni mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya misaada, yaliyoongezeka katika miaka ya vita vilivyoanza 1993. Ni kawaida ya mashirika hayo kutumia Land Cruiser nyeupe, ambazo nyingi huandaliwa huko Gibraltar kwa ajili ya kazi kama hizo. Mlango wa tatu ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kwa barabara hadi mpakani. Mengi ya magari hayo yana usukani wa kulia, ilhali Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva anayetaka kulipita lori hana budi kulitoa gari karibu lote nje kabla ya kuona kinachokuja. Hatari hiyo haiandikwi katika hati ya bei, lakini trafiki wa barabara ya Gitega anaijua vyema.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayenunua gari akiwa ofisini, bila kumwuliza dereva wala fundi, hununua kunguni wa mwenzake. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza 1984, bado inatafutwa na majeshi na mashirika si kwa uzuri wake. Inatafutwa kwa sababu ina chesisi imara, na injini yake maarufu ya dizeli ya lita 4.2, iliyotumika tangu 1990, haina mambo mengi ya umeme. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura unaosifika kwa ufundi wa magari, huweza kuifufua. Gari ambalo kipuri chake hakipatikani huwa ni sanamu, hata likiwa jipya.

Hata gari lililo bora halimwokoi asiyelijua. Mwaka 1987 majeshi ya Chad, yakiwa katika Toyota nyepesi zenye makombora ya kupigia vifaru, yaliyashinda majeshi ya Libya huko Fada na Ouadi Doum na kuharibu vifaru kwa makumi. Wengi walilisifu gari. Lakini ushindi ulikuwa wa watu waliolijua jangwa lao na kuutumia wepesi wa chombo chao pale adui alipotegemea uzito wa chuma. Gari lile lile, likiachwa kwa dereva asiyefunzwa, hugeuka mtego. Gia ya nguvu huingizwa kabla ya kufika kwenye tope, si baada ya kuzama. Mteremko wa udongo hushukwa kwa gia nzito, si kwa kukanyaga breki. Na gari refu lililojazwa watu juu ya kiasi hupinduka upesi kwenye kona, kwa kuwa uzito wake umepanda juu.

Tangu 2021 Burundi imekabiliwa na upungufu mkubwa wa mafuta uliorudi mara kwa mara. Katika hali hiyo kila lita ina thamani yake. Gari la kikosi likipelekwa harusini au ufukweni siku ya Jumapili, mafuta yake yametolewa katika safari ya kilimani ya siku inayofuata, na anayelipa ni mama mjamzito asiyefikiwa au raia aliyeibiwa akakosa msaada. Hilo si jambo dogo la nidhamu ya kambini tu, bali ni deni kwa wananchi walioligharimia gari hilo.

Barua ya 1940 na majaribio ya mlima Fuji yanafundisha jambo moja. Kabla ya saini ya ununuzi kuwekwa, ofisa, dereva na fundi wakae meza moja, wataje njia, mzigo, vipuri na mafuta. Kisha gari lijaribiwe katika mwezi wa mvua, juu ya kilima chenyewe, mbele ya wale watakaoliendesha. Jeshi na polisi wanaofanya hivyo hawatakuwa wateja wa kuokota mabaki ya soko la starehe. Watapata gari la kazi, na raia aliye mbali na lami atajua kwamba akiita, atafikiwa.