Nani Alimfuata Mwenziwe, Nyumba au Barabara?

Mwalimu wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu anaisikia redio vizuri, hata wale waliokaa nyuma karibu na mlango. Somo letu la leo ni la historia. Wekeni daftari na kalamu tayari, lakini msianze kuandika bado. Kwanza sikilizeni.

Ninyi mnaokaa kando ya barabara ya kutoka Masasi kupanda Newala mnaijua herufi moja ambayo hatujawafundisha. Herufi hiyo ni X. Haimo katika alfabeti yetu ya Kiswahili, na hakuna neno letu hata moja linaloandikwa kwa herufi hiyo. Hata hivyo imeandikwa kwa rangi juu ya kuta nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Siku moja nilitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha juu uwandani. Baada ya kipindi bibi mmoja akanishika mkono, akanipeleka hadi nyumbani kwake. Akanionyesha X nyekundu ukutani, akasema, "Mwalimu, nimejifunza A mpaka Z ya kwenu. Hii nisomee wewe."

Nilimsomea. Lakini kumsomea herufi ni jambo moja, na kumweleza kwa nini imeandikwa nyumbani kwake ni jambo jingine. Kwa jambo hilo la pili nilihitaji historia, na ndiyo nitakayowasimulia leo.

Zamani, juu ya Uwanda wa Makonde hapakuwa na barabara pana, na wenyewe hawakuitaka. Uwanda wetu ulifunikwa na vichaka vizito. Maji hayakuwako juu; akina mama waliteremka ukingoni kuyateka bondeni na kupanda nayo kichwani. Kwa nini basi watu walikaa mahali penye shida ya namna hiyo? Kwa sababu kichaka kilikuwa boma. Wakati wa biashara ya watumwa, njia nyembamba iliyojipinda ilimchelewesha adui. Mtu aliyepanua njia alimfungulia adui mlango.

Huko chini, njia ya misafara ilitoka Lindi mpaka Masasi na kuendelea bara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliifuata njia hiyo kwa miguu pamoja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakakomea Masasi na kujenga hapo. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wangoni wakaishambulia Masasi. Wamisionari wakapanda Newala, kwa mzee Matola. Mnaona jinsi watu walivyoyapima mambo siku zile: njia kubwa ilileta wageni na bidhaa, na njia hiyo hiyo ilileta vita.

Vita vikubwa vya kwanza vya dunia navyo vilipita hapa. Mwezi Novemba 1917 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kupitia uwanda wetu likifukuzwa na Waingereza, likavuka Ruvuma, na tarehe 25 likapigana na Wareno huko Ngomano, mahali ambapo mto Lugenda unaingia Ruvuma. Likumbukeni jina hilo la Ngomano, maana tutalirudia. Mizigo ya majeshi yote hayo ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani. Barabara ya siku zile ilikuwa shingo ya mtu.

Baada ya vita Waingereza wakatawala Tanganyika. Mwaka 1932 walitunga sheria ya barabara. Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu X ya bibi yule inatokana na mambo ya namna hii. Machoni pa sheria, barabara si ile sehemu tu ambayo magurudumu hupita. Kila upande kuna ukanda wa ardhi uliotengwa, nao huitwa hifadhi ya barabara. Kwa sheria ya zamani, hifadhi ya barabara kuu ilihesabiwa mita 22 na nusu kila upande, kuanzia katikati. Jumla ni mita 45. Mkulima aliyepita na jembe lake aliona njia ya mchanga iliyotosha lori moja. Hakuuona ukanda ule, kwa sababu ulikuwa katika karatasi.

Karatasi nyingine kubwa ililetwa kwetu mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga katika mashamba makubwa mno huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli ya kutoka pwani hadi mashambani. Mchoro ulikuwa mzuri. Lakini waliouchora walikuwa hawajaijua vema ardhi, wala mvua, wala visiki. Trekta zikaharibika, karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Reli ilibaki bila mzigo wa kutosha. Ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake viking'olewa.

Mimi huona kwamba reli ile inatufundisha mengi kuliko karanga zenyewe. Ilichorwa kwa ajili ya shamba moja, si kwa ajili ya watu waliokaa njiani. Shamba lilipokufa, reli ikafa. Bandari ya Mtwara haikufa, kwa sababu korosho za wakulima wadogo wa Newala, Tandahimba na Masasi ziliendelea kuilisha. Wakulima hao hawakuwamo katika mchoro wa mwaka 1947.

Sasa twende haraka kidogo. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Kuanzia 1964 hadi 1974 wenzetu wa Msumbiji walipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, na mpaka wetu ukawa mahali pa hatari. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Inasimuliwa kwamba ni wakati huo Mwalimu Nyerere na Samora Machel walipowaza kuziunganisha nchi zao mbili kwa daraja.

Lakini kwa hadithi yetu ya leo, jambo kubwa la miaka ile ni vijiji. Mwezi Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iishe kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani wakakusanywa. Wengi wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, ili lori la chakula, la dawa na la mazao liwafikie kwa urahisi. Wengine walikwenda kwa hiari na wengine kwa kusukumwa. Bibi yule wa X nyekundu aliniambia kwamba yeye na marehemu mumewe waliletwa na lori mwaka 1974, pamoja na kuku na kinu. Wakaonyeshwa kiwanja, wakaambiwa, "Jengeni hapa." Wakapanda mwembe. Mwembe huo ninaujua, nimekula maembe yake.

Wakati wote huo kusini kulikuwa mbali. Mvua ikinyesha, gari la kutoka Dar es Salaam lilikwama Rufiji likisubiri pantoni, au lilizama matopeni. Daraja la Rufiji, linaloitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, lilifunguliwa mwaka 2003. Hata hapo vipande vilibaki. Kile cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa kilometa 60 tu, lakini kilomeza magari na siku za watu kwa miaka mingi. Huku kwetu uwandani adui alikuwa mchanga. Mimi mwenyewe nimewahi kulala njiani kati ya Newala na Masasi juu ya magunia ya korosho, na utingo akituambia kila saa kwamba tunaondoka sasa hivi.

Wazo la daraja la Ruvuma nalo lilichukua miaka 35. Tarehe 12 Mei 2010 Rais Kikwete na Rais Guebuza walilifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720. Upande wetu liko Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, iliyokuwa zamani sehemu ya Masasi. Upande wa Msumbiji liko Negomano. Hapo ndipo Ngomano ile ya mwaka 1917. Siku ya sherehe daraja lilikuwa la zege imara, lakini barabara za kuliendea zilikuwa za udongo pande zote mbili. Lami ya kutoka Mangaka hadi Mtambaswala ilikuja baadaye.

Pengine mtauliza, "Mwalimu, kwa nini wasijenge barabara mara moja?" Barabara ya lami hujengwa kwanza kwa karatasi. Huanza upembuzi yakinifu, yaani watu huhesabu magari, hupima udongo, na kutazama kama faida itazidi gharama. Halafu huja usanifu: mhandisi huchora kila kona, kila mtaro na kila kalavati. Halafu hutafutwa fedha, kisha hutangazwa zabuni ili wakandarasi washindane kwa bei. Mwisho hutiwa sahihi mkataba. Kati ya hatua moja na nyingine inaweza kupita miaka mitano, na mchoro ukikaa sana kabatini hulazimika kutazamwa upya.

Barabara yetu ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ni kilometa 210. Kipande cha kwanza, Mtwara hadi Mnivata, kilometa 50, kilitangulia kutiwa lami. Kilometa 160 zilizobaki zilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mwaka 2023 mikataba miwili ikatiwa sahihi: mmoja wa kilometa 100 kutoka Mnivata hadi Mitesa, na mwingine wa kilometa 60 kutoka Mitesa hadi Masasi. Mkopo maana yake ni deni. Serikali ilitia sahihi kwa niaba yenu, nanyi mtalilipa kwa kodi zenu, pamoja na ile mnayokatwa katika korosho.

Wakati wa kupima, ndipo X hutokea. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria mpya ya barabara, nayo ikapanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22 na nusu hadi mita 30 kila upande. Jumla ni mita 60. Kwa hiyo vikawapo vipande viwili vya ardhi. Aliyejenga ndani ya mita 22 na nusu za zamani huhesabiwa kwamba yeye aliifuata barabara. Huandikiwa X nyekundu, naye hana fidia. Aliye katika zile mita saba na nusu zilizoongezwa huhesabiwa kwamba barabara ilimfuata yeye. Huandikiwa X ya kijani, na hustahili kulipwa nyumba yake, mazao yake na gharama za kuhama.

Mimi sitasema kwamba sheria hiyo ni mbaya. Lori lililoshonwa magunia likipita kwa kasi, mita chache kati yake na mtoto anayecheza uani ni uhai wa mtoto. Lakini naona neno "kufuata" halitoshi. Bibi aliniuliza, "Mimi niliifuata barabara lini? Mimi nililetwa." Sina jibu la swali hilo ambalo ninaweza kumpa nikimtazama machoni. Njia ilikuwapo kabla yake, hiyo ni kweli. Na serikali ndiyo iliyomwonyesha kiwanja, hiyo nayo ni kweli. Ukanda wa hifadhi ulikuwa umeandikwa katika sheria, lakini siku ile ya mwaka 1974 hakuna aliyemsomea.

Wenye X ya kijani nao wasilale. Mthamini akija huhesabu mikorosho, hupima nyumba, hupiga picha, kisha hutoa fomu ili utie sahihi. Soma kabla ya kutia. Tazama jina lako limeandikwa sawa, tazama idadi ya miti, tazama ukubwa wa nyumba. Mwisho wa darasa letu utakuwa unaweza kuyafanya haya yote bila dole gumba. Omba nakala uihifadhi mahali pasipofikiwa na mchwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikichelewa, huongezewa riba. Mtu asiye na karatasi hata moja mkononi ataidai riba hiyo kwa shida sana.

Sasa chukueni kalamu. Kazi ya wiki hii ina sehemu mbili. Kwanza, simama katikati ya barabara iliyo karibu nawe, magari yasiwepo, utembee hatua 30 ndefu kuelekea nyumba za jirani. Andika umefika wapi. Pili, mwulize mzee mmoja wa kijiji chenu ni mwaka gani watu walihamia hapo, na wakati huo barabara ilikuwa na upana gani. Andika jibu lake kwa sentensi tatu, uweke tarehe, na umwombe atie sahihi chini yake. Kama hajui kuandika, mfundishe jina lake hapo hapo. Mwalimu wa kikundi atazikusanya karatasi hizo siku ya Ijumaa. Kwaherini.