Noti za Chini ya Mwembe

Utotoni kwetu Urambo tuliwahi kuunda nchi chini ya mwembe. Bendera ilikuwa kipande cha gunia kilichopakwa masizi. Noti na stempu tulizikata kwenye madaftari ya shule, na mimi nikawa waziri wa fedha. Nchi yetu ilianguka siku nilipopeleka noti zangu kwa mama muuza karanga. Alizigeuza, akacheka, akaniuliza: "Mwanangu, nikizichukua mimi, nani atazipokea kwangu?"

Swali hilo wakubwa nao waliwahi kukabiliwa nalo hapo Tabora.

Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamebanwa na vita. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, na fedha kutoka Ulaya zikakatika. Basi karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Shaba ya maganda ya mizinga ikatoa heller 5 na heller 20. Dhahabu ya Sekenke ikatoa sarafu ya rupia 15, yenye tembo, mlima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Zilipigwa zaidi ya 16,000. Noti nazo zilichapwa humu humu nchini. Baadhi ya zile za mwaka 1917 ziligongwa porini kwa herufi za mpira. Mchezo wetu wa mwembeni hasa!

Septemba 19, 1916, Wabelgiji wakaingia Tabora. Nao walichukua stempu za Kongo, wakazipiga chapa juu kutangaza kwamba nchi hii wameikalia.

Je, mwenye fedha alibaki na nini? Aliyekuwa na tembo wa dhahabu alibaki na dhahabu, na leo wakusanyaji wa sarafu huitafuta kwa bei kubwa. Lakini mtu wa kawaida aliyelipwa noti kwa jasho lake, Mjerumani aliposhindwa, alibaki na karatasi.

Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, hakuchapa noti wala stempu. Hata hivyo misafara iliyopita katika himaya yake ililipa hongo kwa vitambaa na shanga, vitu ambavyo kijiji cha mbele nacho kingevipokea.

Wajerumani wameondoka, heller yao imetuachia neno "hela". Nami kila nilitamkapo, humkumbuka yule mama. Kuchora noti hata mtoto aweza. Dhamana yake ni kwamba wa mwisho kuishika asidhulumiwe.