Maji Ndani ya Chuma: Historia ya Kusaka Uvujaji katika Injini ya Dizeli

Injini ya dizeli ilibuniwa na mtu aliyeamini kwamba haitahitaji maji hata kidogo. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1893 kwamba kuipoza silinda ni kuitupa bure nishati ambayo mashine imeundwa kuitumia, na injini yake ya kwanza ya majaribio, iliyojengwa Augsburg mwaka huohuo, haikuwa na koti la maji, yaani ule uwazi unaoizunguka silinda ambamo maji hupita yakichukua joto. Majaribio yalimkatalia. Injini ambayo Profesa Moritz Schröter aliipima mwezi Februari 1897, na kukuta kwamba inageuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, ilikuwa tayari inapozwa kwa maji, na tangu hapo karibu kila dizeli ya gari imebeba maji, oili na moto vikiwa jirani mno, vikitenganishwa na kuta za chuma zenye unene wa milimita chache. Fundi anayesaka uvujaji hutafuta mahali ambapo utengano huo umevunjika, na sababu ya kumlazimu leo avue nusu ya injini kabla ya kupaona inatokana na jinsi waundaji, hatua kwa hatua, walivyoyahamishia maji ndani zaidi.

Hapo mwanzo maji yalikuwa wazi kwa kila mtu. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, lilipozwa kwa maji yaliyoachwa yachemke na kupaa kama mvuke, kiasi kwamba Bertha Benz, alipoliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwezi Agosti 1888, alilazimika kusimama mara kwa mara njiani ili kuyaongeza. Wilhelm Maybach ndiye aliyeleta mageuzi makubwa kupitia gari la Mercedes la nguvu farasi 35, lililotengenezwa kati ya mwaka 1900 na 1901: rejeta yake iliunganishwa kwa mirija midogo 8,070 iliyopitisha upepo, na kiasi cha maji kilichohitajika kikapungua kwa takriban nusu. Rejeta hiyo ilizaa pia ufundi mpya, ule wa kuziba kwa risasi ya kulehemu, ambao ulihitaji subira na jicho kali zaidi kuliko kuvua vyuma, kwa kuwa tundu lilionekana kwa nje na tone lilianguka palepale lilipotokea.

Dizeli iliingia katika malori ya Ujerumani katika miaka ya 1920, kisha katika gari dogo la abiria la Mercedes-Benz 260 D, lililooneshwa Berlin mwaka 1936 na kupendwa hasa na wenye teksi. Injini ya namna hii hushindilia hewa kwa nguvu kuliko ile ya petroli, na kwa hiyo gasketi ya hedi, yaani kipande chembamba kinachobanwa kati ya bloku ya silinda na kifuniko chake cha juu, hubeba mzigo mkubwa zaidi. Katikati ya karne ya 20 ulienea pia mtindo wa kuufunga mfumo mzima kwa kifuniko chenye springi kinachozuia mvuke kutoka. Maji yaliyobanwa kwa shinikizo la ziada la takriban ba 1 hayachemki mpaka yafikie karibu nyuzi 120 za Selsiasi, faida ambayo haikuwa ndogo kwa nchi za nyanda za juu, kwani mjini Nairobi maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hata hivyo shinikizo hilohilo lilizaa aina ya uvujaji ambao hauonekani injini ikiwa baridi na imezimwa, bali hujitokeza gari likiwa mlimani na mzigo mgongoni.

Afrika Mashariki iliyajua hayo kwa gharama kubwa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kupitisha mafuta na shaba yake kwa malori kati ya Dar es Salaam na Ukanda wa Shaba, kwa njia ambayo sehemu yake kubwa haikuwa na lami, mpaka bomba la TAZAMA lilipoanza kusafirisha mafuta mwaka 1968 na reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975. Injini iliyochemsha katika mipando ya kuelekea Iringa ilihitaji mtu wa kuifungua hapohapo. Ujuzi wa namna hiyo, uliopokezwa kutoka fundi hadi mwanafunzi katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam na kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, unastahili kuhesabiwa miongoni mwa elimu halisi za karne iliyopita katika ukanda huu, ingawa haukuandikwa vitabuni ipasavyo.

Mageuzi yaliyofuata yaliyaficha maji kabisa. Hedi za aluminiamu zilikaa juu ya bloku za chuma cha kusubu, ilhali aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho, na kila safari ya kupata moto na kupoa huisugua gasketi iliyo katikati. Katika injini nyingi pampu ya maji ilihamishiwa nyuma ya mkanda wa taimingi, mahali ambapo kitundu chake kidogo cha kutolea maji, kilichowekwa makusudi ili kutoa ishara sili inapochoka, hakionekani mpaka vifuniko vivuliwe.

Ndiyo maana kazi ya kuvua ina utaratibu. Fundi makini huanza kwa kuupa mfumo shinikizo kwa pampu ya mkono na kuangalia kama mshale wa geji unashuka; usipopatikana unyevu kwa nje, hufungua nozeli au plagi za joto na kuizungusha injini kwa stata, na silinda iliyoingia maji huyarusha nje kwa kishindo. Hedi ikishavuliwa, ushahidi huwa bayana: pistoni tatu zitakuwa nyeusi kwa masizi, na ya nne itang'aa kana kwamba imesuguliwa, kwa sababu mvuke umekuwa ukiiosha. Rula ya chuma huwekwa juu ya uso wa hedi na vibamba vyembamba vya kupimia hupitishwa chini yake, maana kupinda kwa sehemu ndogo ya milimita kunatosha kupitisha maji. Gasketi mpya nayo haichukuliwi ovyo, kwa kuwa katika dizeli nyingi pistoni huchomoza kidogo juu ya bloku, na unene wa gasketi, unaotambulishwa kwa vitundu au makato pembezoni mwake, huchaguliwa kulingana na kimo hicho.

Kipoza moshi, kifaa kilichoenea katika dizeli ndogo karibu na mwaka 2000 ili kupoza sehemu ya moshi unaorudishwa kwenye silinda kwa ajili ya kupunguza oksidi za nitrojeni, kimeongeza njia nyingine ya siri, kwani kikitoboka ndani, maji huenda kwenye moshi bila tone kuonekana chini ya gari, na hedi nzima isiyo na kosa huweza kuvuliwa bure. Dawa yake ni kukivua chenyewe, kuziba njia zake za maji, kukijaza hewa na kukizamisha katika beseni ili mapovu yaoneshe ufa, jinsi wachomeleaji wa rejeta walivyofanya kwa miaka mingi. Na beseni hilo hutiwa maji ya moto, kwa kuwa nyufa nyingine hazifunguki chuma kikiwa baridi.