Tumkumbuke Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyeingia hadi nyumbani kwetu Uvira

Uvira, Kivu ya Kusini. Juma lililopita nilikwenda katika kituo kimoja cha familia zilizohama makwao, pembeni ya mji wetu, kuuliza habari za maji na maturubai. Habari hiyo nitawaletea siku nyingine. Leo nasimulia jambo lingine nililolikuta pale, kwa sababu niliwaahidi watoto, na ahadi ni deni.

Kuna kijana pale anayechaji simu za watu kwa paneli ya jua. Katika simu moja alikuwa ameweka filamu. Watoto zaidi ya kumi walikaa chini, shingo zimenyooka, wakitazama kioo kidogo kama kiganja. Mama mmoja alikuwa amekaa mbali kidogo akichambua maharage. Picha hakuiona, alisikia sauti tu. Bila kuinua kichwa akasema: "Huyo ni Kanumba." Akachambua tena, kisha akaongeza: "Maskini, alikufa angali kijana." Watoto wakakataa kabisa. Amekufa namna gani na huyu hapa anaongea? Mmoja wao akanigeukia: "Papa, wewe ni mtu wa habari, ni kweli?"

Ni kweli. Na kwa kuwa wengi wa watoto wale walikuwa hawajazaliwa wakati huo, wacha niianze habari hii mbali kidogo, kwa ajili yao na kwa ajili ya sisi wakubwa tunaoikumbuka sura yake huku mengine tumeyasahau.

Steven Charles Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 huko Shinyanga, kaskazini mwa Tanzania, katika nchi ya Wasukuma. Baadaye alikwenda Dar es Salaam kuendelea na masomo. Mwaka 2002 akajiunga na kikundi cha Kaole, kilichokuwa kikionyesha michezo ya kuigiza katika televisheni ya ITV. Kaole ilikuwa shule bila ubao wala chaki. Humo walipita wengi ambao majina yao tunayajua hadi leo: Vincent Kigosi tunayemwita Ray, Blandina Chagula tunayemwita Johari, na wengine. Michezo hiyo huku kwetu wachache waliiona. Kilichotufikia ni filamu zilizofuata.

Filamu za Kitanzania za namna ile zilikuwa bado changa. Wengi wanaitaja Girlfriend, ya mwaka 2003, kuwa ndiyo iliyofungua njia. Zilipigwa kwa kamera za video, hazikupita katika jumba la sinema, zilikwenda moja kwa moja sokoni zikiwa diski. Tena filamu moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na bei yake. Sehemu ya kwanza ilikatika mahali pabaya kabisa, mwanamke ameshika mlango, mume yuko ndani na mwingine, basi, mwisho. Unakwenda kulala na hasira.

Diski hizo zilitufikia kwa njia mbili. Nyingine zilipita Bujumbura na kuvuka mpaka hapa Kavimvira. Nyingine zilivuka ziwa kutoka Kigoma, katika mitumbwi ileile iliyoleta mafuta ya kula na sabuni. Na kuanzia mwaka 2005, ndugu zetu waliokuwa wakimbizi Tanzania walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, walirudi na Kiswahili chao kipya na filamu zao. Mtoto aliyetoka Nyarugusu alijulikana upesi: aliimba nyimbo zote za Bongo, na alijua majina ya waigizaji kuliko majina ya vijiji vya babu zake.

Kabla ya hapo, wanaume wazuri tuliowaona kwenye kioo walikuwa Wahindi, Wachina wa karate, Wamarekani na Wanigeria. Hao wote walihitaji mkalimani. Katika nyumba ya video ya mtaani kwetu, mbao za kukalia, grupu linanguruma nje na harufu ya esansi inaingia ndani, kulikuwa na kijana aliyekaa karibu na televisheni akitueleza wanachosema. Alijifanya anajua Kiingereza. Baadaye tuligundua kwamba nusu ya maneno aliyatunga mwenyewe, lakini tulikuwa tumeshalipa.

Siku walipoweka filamu ya Kanumba, kijana yule alikosa kazi. Jina la filamu lilikuwa la Kiingereza, kama zilivyo nyingi za kwao, na chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza ambayo waliosoma walisema yana makosa. Lakini mtu mwenyewe alifungua kinywa na sisi sote tukaelewa, hata bibi aliyeingia kumtafuta mjukuu wake akaishia kukaa. Mwanaume mrefu, mwili umejengeka, suti imemkaa, anamwomba mwanamke msamaha kwa Kiswahili! Jambo hilo linaonekana dogo leo. Kwetu lilikuwa jipya.

Kiswahili chake hakikuwa kama chetu. Sisi husema "ninakuya", yeye alisema "nakuja". Dada yangu mdogo alianza kusema "samahani" na "naomba" pale nyumbani, tukamcheka kwamba ameshaolewa Kigoma. Vinyozi walibandika picha yake ukutani, na kijana aliyekaa kwenye kiti alinyoosha kidole tu. Nilimwona bwana harusi mmoja akijisimamisha mbele ya mpiga picha kwa mkao wa Kanumba kabisa, mkono mfukoni, kichwa kimeinama kidogo. Joto la Uvira mnalijua. Alivumilia.

Uzuri wa sura peke yake ungemchosha mtazamaji baada ya filamu tatu, na kwa kweli zipo filamu zake ambazo mimi zilinichosha: mazungumzo marefu sebuleni, gari linaingia getini taratibu hadi unataka kulisukuma. Ila Kanumba alijua kulia. Huku kwetu mwanaume halii mbele ya watu. Yeye alilia, akaachia kamasi, na wanaume wazima katika nyumba ya video wakaanza kulalamika kwamba moshi wa grupu unaingia machoni.

Tena alikuwa mtu asiyetulia mahali pamoja. Mwaka 2006 alicheza katika Dar 2 Lagos, filamu ya kampuni ya Mtitu Game iliyowaunganisha Watanzania na Wanigeria, naye mwigizaji Mercy Johnson alikuwemo. Nigeria ndiko filamu za namna hii zilikokuwa zimekomaa, na yeye alikwenda kuwatafuta hukohuko badala ya kungoja. Mwaka 2008 wakacheza Oprah, yeye na Ray pamoja na Irene Uwoya. Mwaka 2010, katika Uncle JJ na This Is It, aliwapa watoto nafasi kubwa ya kuigiza, jambo ambalo wenzake wengi hawakulithubutu. Ndiyo sababu hadi leo watoto wanamkimbilia. Mwaka 2011 alimleta Ramsey Nouah, nyota mkubwa wa Nigeria, wakacheza pamoja katika Devil Kingdom. Wakati huo alikuwa na kampuni yake mwenyewe, na jina alilojipa lilikuwa Kanumba The Great. Majivuno? Labda. Lakini mtu wa miaka 27 aliyetoka Shinyanga hadi hapo, mimi simkatalii.

Lipo jambo moja ambalo bado linaniuma. Mwaka 2009 alialikwa kama mgeni katika kipindi cha Big Brother Africa, kilichoonekana bara zima. Huko ilibidi aongee Kiingereza, na Kiingereza chake hakikuwa kizuri. Kwao Tanzania wakamcheka sana. Sisi huku, ambao tumechekwa kwa Kifaransa chetu mbele ya kila dirisha la ofisi, tulielewa vizuri aibu ile ina ladha gani. Tena ajabu yake ni kwamba mtu huyo alichekwa kwa lugha ya watu, wakati sisi ng'ambo ya ziwa tulikuwa tukimpenda kwa lugha yake. Hakuacha kazi. Miaka miwili baadaye alikuwa ameketi na Ramsey Nouah.

Kisha ikafika Aprili 2012. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7, siku moja kabla ya Pasaka, Kanumba alianguka chumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, baada ya ugomvi na msichana aliyekuwa mpenzi wake, mwigizaji mwenzake aliyekuwa bado mdogo sana. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka 28. Kesi ilichukua miaka mingi, na mnamo Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia msichana huyo hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miaka miwili. Mengine mengi yalisemwa mitaani, ya uchawi na ya visasi, na hapa kwetu pia yalifika yakiwa yameongezwa chumvi. Mimi sitayarudia. Watu wamelijadili anguko la usiku mmoja kuliko kazi ya miaka kumi.

Habari ilitufikia asubuhi ile ya Jumamosi, kwa redio na kwa simu za ndugu walioko ng'ambo. Wengi walidhani ni filamu. Namkumbuka jirani yangu aliyesema, "Ngojeni sehemu ya pili, atafufuka." Hakuwa anafanya mzaha. Jumanne tarehe 10 Aprili alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, baada ya maelfu ya watu kumwaga machozi katika viwanja vya Leaders Club. Makamu wa Rais wa Tanzania, Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo. Watu walizimia kwa wingi wa umati. Mwanafunzi wa Kaole alizikwa kama kiongozi wa nchi.

Aprili ileile huku kwetu, mnakumbuka, askari walikuwa wameasi katika Kivu ya Kaskazini. Mwezi Mei jina la M23 likaanza kusikika, na tarehe 20 Novemba Goma ikaanguka. Katika masikio yetu habari hizi mbili zilifuatana hewani: mwigizaji amekufa, watu wanakimbia. Familia nyingi ambazo leo ziko katika vituo zilianza kukimbia mwaka ule, na baadhi hazijawahi kukaa mahali pamoja miaka miwili mfululizo. Wakati huohuo wenzake Kanumba nao walikuwa wanaondoka: Sharo Milionea kwa ajali ya gari mwezi Novemba 2012, Sajuki kwa maradhi mwanzoni mwa Januari 2013. Filamu ya Kanumba ya Love & Power ilitoka yeye akiwa kaburini. Tuliitazama kwa woga kidogo, kama mtu anayesoma barua ya marehemu.

Lazima niseme na hili, hata kama halitupendezi. Diski za Kanumba tulizonunua hapa Uvira karibu zote zilikuwa za kunakiliwa. Karatasi ya juu imefifia, filamu sita zimebanwa katika diski moja, bei ya ndizi. Tulimpenda kwa moyo wote na sidhani kama franga yetu hata moja ilimfikia. Mimi mwenyewe nilikuwa na diski kumi na nane katika boksi la viatu, na hakuna hata moja niliyoweza kuapa kwamba ni halali.

Boksi hilo halipo tena. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa maelfu ya nyumba hapa mjini, uliondoka nalo pamoja na deki, televisheni na ukuta wa upande mmoja. Namshukuru Mungu kwamba watu wa nyumba yangu walipona. Wengine hawakupona. Nilipokuwa nachimbua matope niliona diski moja imekwama katika mizizi, inang'aa kama kioo, bila maandishi. Sikujua ilikuwa filamu gani. Niliifuta, nikaiangalia, nikaitupa.

Haya yote sikuwaeleza watoto siku ile. Niliwaambia tu kwamba ni kweli, alikufa, na kwamba alizaliwa mwaka 1984 upande wa pili wa ziwa. Wakanyamaza kidogo. Kisha wakarudi kwenye simu, maana filamu ilikuwa imefika mahali pazuri.

Haikuisha. Mawingu yalikuwa yameifunika paneli tangu saa sita, na betri ikakata katikati ya ugomvi. Watoto wakapiga kelele. Kijana wa simu akainua mikono kuonyesha kwamba si kosa lake. Ndipo mama yule akaweka ungo pembeni, akajipangusa mikono katika kitenge, akawaita. "Kujeni hapa. Miye niliiona yote tukiwa bado nyumbani." Akaanza kuwasimulia kilichofuata, na alipofika penye maneno ya Kanumba aliibadilisha sauti yake ikawa nzito, akasema "samahani" kama wanavyoisema kule Tanzania. Mtoto mmoja akamkatiza kwamba sauti si hiyo. Akarudia.