Majadiliano: istilahi ya falsafa ya elimu

Majadiliano, katika falsafa ya elimu, ni namna ya kutafuta ujuzi ambamo hakuna upande ulio na jibu zima kabla ya maneno kuanza. Mwalimu huja na anachokijua, mwanafunzi na chake, na kila mmoja huwa tayari kugeuzwa na neno la mwenzake. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloyatenga na maongezi mengine. Katika Qantab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya milima na bahari jirani na Maskati ya kale, mvuvi anayemwonyesha kijana pa kutega wavu anatoa maelezo. Kijana akiuliza kwa nini usitegwe upande wa pili wa mwamba, na mzee akalazimika kufikiri upya, hapo majadiliano yameanza.

Dhana hii imetoka katika neno la Kigiriki dialogos. Wengi hudhani sehemu yake ya kwanza ni "mbili", na kwa hiyo hufasiri "mazungumzo ya watu wawili". Sivyo. Dia ni "kupitia", na logos ni "neno" au "hoja". Kinachotazamwa ni hoja inavyopita kati ya watu, wawe wangapi. Hata Socrates, anayetajwa daima hapa, si mfano safi. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, mtumwa kijana anaongozwa kwa maswali hadi anajua namna ya kupata mraba wenye eneo maradufu, lakini majibu yake mengi ni ya kukubali tu. Kwa Kiswahili hayo yanakaribia mahojiano.

Maneno ya Kiswahili yaliyoshindania nafasi ya dhana hii ni kadhaa. Mdahalo una mshindi, kwa hiyo haufai. Dayalojia imebaki kwa wahakiki wa fasihi, pamoja na usemezano. Mazungumzo yana upole na usawa wa barazani, ila yamelegea mno: Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha "Mazungumzo Baada ya Habari", na humo aliyezungumza alikuwa mmoja. Majadiliano yana asili ya Kiarabu yenye harufu ya ubishi; ndiyo maana aya ya 125 ya Sura ya An-Nahl, inapoamrisha kujadiliana, inaweka sharti la njia iliyo bora. Kiarabu cha shule za Oman hupendelea hiwar, neno ambalo mzizi wake unahusu kurejea: neno huenda na kurudi. Kiswahili hakikuhitaji kuliazima, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na kiambishi -an-. Mtu anaweza kujadili jambo peke yake, kujadiliana hawezi. Mwenye Kiswahili aliyerejea Maskati kutoka Unguja huuona upole wa mazungumzo na ubishi wa majadiliano pamoja katika sabla ya Kiomani, ukumbi wa wanaume kukutana: kuna adabu ya zamu na umri, na bado hoja hurudishwa.

Paulo Freire wa Brazil, katika kitabu chake kuhusu elimu ya wanaokandamizwa alichokiandika Chile mwaka 1968, aliyaweka majadiliano dhidi ya elimu ya kibenki, ambamo mwanafunzi ni akaunti ya kuwekewa maarifa. Kwake hayawezekani bila unyenyekevu na imani kwa watu. Tanzania ilikuwa na jaribio lake kubwa: kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kusoma, kujadiliana, kisha kutenda. Vyoo vilichimbwa kweli. Lakini ajenda ilipangwa kabla: vikundi vilijadili namna ya kuchimba, si kama kuchimba ndiko kulikotangulia mahitaji mengine. Kwa kipimo cha Freire, hayo ni nusu ya majadiliano, ingawa nusu hiyo ilikuwa kubwa kuliko iliyopatikana katika madarasa mengi.

Katika vyuo vya ualimu vya Afrika Mashariki neno hilohilo hutumika kwa maana finyu: majadiliano ya vikundi, mbinu moja kati ya mbinu shirikishi, yenye dakika zake katika andalio la somo na jibu linalomsubiri mwalimu mwishoni. Matumizi hayo si makosa, ila ni istilahi nyingine. Anayeandika falsafa na kutaka kuepuka mkanganyo huongeza sifa, "majadiliano ya kutafuta ujuzi", na kuiachia "mbinu ya majadiliano" maana ya darasani.